Disketi Aliyoificha Kalunde

Kila siku baada ya masomo, Kalunde alipitia ofisi ya kupiga chapa ya shangazi yake Mbinya sokoni Nunguni, akafagia chumba na kupangusa vumbi kwenye kompyuta. Mwaka huo wa 1997, soko zima lilikuwa na kompyuta hiyo moja tu. Walimu wa shule za jirani walileta mitihani yao, naye Kivuva, kijana wa kazi, akaipiga chapa.

Alasiri hiyo alisikia kelele kabla hajafika mlangoni.

"Mitihani yote ya Jumatatu imo humo, Kivuva! Umeifanyia nini mashine yangu?"

"Mama, haki ya Mungu, sijaifanyia kitu. Nimeiwasha tu, ikaandika maneno nisiyoyajua, ikakwama."

"Jana ilikuwa nzima. Chukua vitu vyako uende."

Kalunde alisimama kizingitini. Jana, Kivuva alipotoka kununua karatasi, yeye alikuwa ameingiza disketi aliyopewa na rafiki yake Mutindi. "Ina michezo, na ni ya bure," Mutindi alimwambia. Wala Kalunde hakuweza kusema hakujua: shangazi alikuwa amemkataza mara nyingi kuingiza disketi ngeni.

Kivuva alichukua sweta yake. Mama yake alikuwa mgonjwa kule Matiliku, na kazi hiyo ndiyo iliyomnunulia dawa. Kalunde aliukumbatia mkoba wake wa shule, akampisha. Kijana akateremka mteremko katika manyunyu ya baridi, asitazame nyuma.

Shangazi alijifunika uso kwa leso, akalia. Kalunde hakuwahi kumwona akilia.

Akaitwa Mwalimu Bilha, aliyefundisha kompyuta chuoni na alikuwa nyumbani kwa likizo. Alijaribu hili na lile, akatikisa kichwa.

"Sijui kiini chake, Mbinya. Itabidi nifute kila kitu nianze upya."

"Na mitihani?"

"Itapotea. Yote itabidi ipigwe upya, na Jumatatu ndiyo hiyo."

"Basi futa," shangazi alisema, kama mtu aliye matangani.

Mwalimu alinyoosha mkono kwenye kibodi.

"Usifute!" Kalunde alipaza sauti. "Si Kivuva! Ni mimi. Niliingiza disketi ya michezo."

Alisubiri kofi. Halikuja. Shangazi alimtazama tu, na macho hayo yalimchoma kuliko kofi.

"Hebu nione hiyo disketi," Mwalimu alisema. Kalunde akaitoa kwenye mkoba wa shule. "Kumbe! Basi hivi ni virusi, programu mbovu zinazoambukiza kupitia disketi za kupeana. Mashine haijafa, inaumwa."

Alitoa disketi yake mwenyewe. "Hii nayo ni programu ya bure. Walioitengeneza wameruhusu watu wainakili, nami niliipata kwa watu ninaowaamini. Inasaka virusi na kuviondoa."

Kompyuta ilinguruma. Mtihani wa kwanza ukarudi, kisha mwingine, na mwingine. Ule wa Sayansi haukurudi.

Shangazi hakungoja zaidi. Alimshika Kalunde mkono, wakateremka mbio hadi walipomkuta Kivuva kituoni, bado akingoja gari, amelowa.

"Nimekukosea, mwanangu," Mbinya alisema. "Nisamehe. Rudi."

Kalunde naye aliomba msamaha, machozi yakimtiririka. Kivuva alifuta maji usoni, halafu akageuka, wakapanda mlima pamoja. Jioni hiyo kijana aliketi kuupiga chapa upya mtihani wa Sayansi, Kalunde akimsomea maswali yaliyoandikwa kwa mkono.

Mwalimu Bilha alipokuwa akiondoka, alimwita Kalunde kando.

"Cha bure si kibaya, mwanangu, ila ujue kimetoka wapi, na uombe ruhusa. Kompyuta ina dawa yake, umeiona. Lakini mtu akisingiziwa kosa lako, dawa ni wewe kusema kweli, tena mapema, kabla hajalowa mvua isiyo yake."