Mvua Jukwaani

Kila siku saa mbili asubuhi, dada alifungua mlango wa ghala la zamani. Humo ndimo kampuni yao ya maigizo ilimofanyia mazoezi na maonyesho. Dada alitunga michezo na kuwaongoza waigizaji. Mdogo wake wa kiume alikaa kwenye meza karibu na mlango. Yeye alishika fedha. Waigizaji walikuwa wanane, na wote walikuwa na familia.

Mwaka ule watazamaji walianza kupungua. Viti vya nyuma vilibaki vitupu.

"Mchezo ujao nataka mvua inyeshe jukwaani," dada alisema siku moja. "Maji ya kweli."

Mdogo wake alidhani ni utani. "Dada, mvua ya nje inavuja humu ndani bure na hatuipendi. Sasa unataka tuinunue?"

"Watu wamechoka kutuona tumesimama tu tunaongea. Tusipowapa kitu kipya, tutafunga."

"Pampu, tangi, mabomba matano. Pesa iko wapi?"

"Nimeongea na mama. Atatupa hati ya nyumba tuiweke rehani."

Mdogo wake aliweka kalamu chini. "Nyumba anayolala mama? Hapo sitii saini."

Kwa siku tatu hawakusemeshana, ila salamu tu. Mazoezi yalidorora.

Jirani yao, mama mmoja aliyestaafu, alisikia habari hizo. Alikuwa ameendesha kumbi za muziki kwa miaka ishirini, na watu walimwita Mama Tiketi. Aliwaita wote wawili sebuleni kwake.

"Wanangu, nani kati yenu ana makosa?"

Kila mmoja alimwonyesha mwenzake. Mama Tiketi alicheka.

"Binti yangu, wazo lako ni zuri. Bila kitu kipya, kampuni hufa polepole. Lakini nyumba ya mama yenu si mali ya kampuni. Iache kando. Na wewe, mwanangu, kukataa peke yake si kazi. Mwambie dada yako: tunaweza kupoteza kiasi hiki, tusizidi hapo."

"Na mvua yangu?" dada aliuliza.

"Ianze kidogo. Bomba moja, onyesho moja fupi. Waite watu, uwatazame nyuso. Wakipenda, uzeni tiketi mapema. Ndipo mnunue vifaa vingine."

Mdogo wake alitaja kiasi: faida ya mchezo uliopita, basi. Dada aliona ni kidogo, lakini alikubali.

Fundi bomba alitoboa bomba moja na kulifunga juu ya jukwaa. Jumamosi mchana walikuja watu arobaini. Maji yalianguka kwenye mbao kwa kishindo. Hakuna aliyesikia neno la mwigizaji hata moja.

Mdogo wake alimtazama dada kwa huruma. Dada alikuwa anaandika kwenye daftari.

"Tungefunga mabomba yote matano, tungeumbuka," alisema. "Afadhali tumejua leo."

Wiki ile alitandika magunia juu ya mbao. Kisha alifuta maneno yote ya wakati wa mvua. Waigizaji wangenyamaza, wanyeshewe.

Jaribio la pili, ukumbi mzima ulitulia. Mzee mmoja alinyoosha mkono ayashike matone.

Baada ya wiki mbili, nusu ya tiketi za mwezi wa kwanza wa mchezo zilikuwa zimeuzwa. Mdogo wake alinunua mabomba mengine mawili na kukodi pampu.

"Niongeze?" aliuliza.

"Matatu yanatosha," dada alijibu.

Mchezo ulionyeshwa kwa wiki tisa. Waigizaji wote walilipwa kwa wakati. Siku hizi, kabla ya kila mchezo, ndugu hao hukaa meza moja. Dada hueleza anachotaka. Mdogo wake hutaja mpaka. Kisha hujaribu kwanza, wakiwa na watazamaji wachache.

Siku ya mwisho ya mchezo ule, mdogo wake alikaa kiti cha mbele kabisa. Matone yalimrukia, shati likalowa. Mama mmoja wa kiti cha jirani alimnong'oneza asogee nyuma.

"Niache ninyeshewe, mama," alisema. "Nimelipia."