Kabari Mfukoni

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwanza karakana ya Baba iliyokuwa barazani kwetu. Nilimwamkia, nikavua viatu, nikafagia maranda, ndipo nikaruhusiwa kwenda kula. Baba ni seremala. Mimi ananiita Siafu. Anasema mimi ni mdogo, lakini anayenikanyaga hupata habari zake. Sikatai. Hasira zangu zikipanda hazishuki bila ngazi.

Juma lile Baba alikuwa amemaliza kabati la vitabu, refu, jembamba, lenye rafu tano na lisilo na milango. Aliliweka sebuleni kwetu makusudi. Mwalimu Mkuu wa shule yetu alihitaji makabati kumi na mawili ya chumba kipya cha kusomea, na alisema atakuja Jumamosi kuliona hilo moja kabla ya kuchagua fundi. Kwa miezi mitatu Baba alikuwa akiunga viti vilivyovunjika miguu tu. Kazi ile tuliisubiri nyumba nzima.

"Sakafu yetu imeinama," Baba aliniambia huku akipachika vijipande viwili vya mbao chini ya miguu ya mbele. "Kabari hizi zinalisukuma nyuma kidogo, lielekee ukuta. Rangi ya ukuta ikikauka nitalifunga kwa skrubu. Haya, Siafu, lipambe, lifanane na sebule yetu. Ila kumbuka: vizito chini, vyepesi juu."

Nililipamba kwa alasiri tatu. Mapazia aliyoshona Mama yalikuwa ya kijani, na vitambaa vya makochi vilikuwa rangi ya maziwa. Basi nikachagua vitabu vyenye majalada ya kijani na meupe, nikaviweka usawa wa macho. Vile vyenye majalada mekundu nilivivisha karatasi nyeupe. Kopo la rangi lililokwisha nilipiga msasa, nikapanda humo mmea unaotambaa, nikauacha uning'inie pembeni. Katikati ya rafu nikaacha nafasi, maana Baba husema hata macho yanahitaji pa kupumzikia. Chini kabisa nikapanga kamusi nene na ensaiklopidia za kijani. Pembeni yake nikakalisha randa ya chuma ya marehemu babu, ili izizuie zisianguke. Nilirudi nyuma hadi mlangoni, nikatazama. Jamani, palipendeza!

Mama aliporudi kazini Alhamisi jioni, mimi nilikuwa jikoni nanawa vumbi.

"Ee! Nani kapanga hivi?" nilimsikia akiuliza.

"Si mimi, Mama?" Dada alijibu. "Nani mwingine humu ndani?"

Dada yangu anasomea mapambo ya nyumba chuoni. Siku zote tatu alikuwa amelala kwenye kochi na simu yake. Alinyanyua miguu tu, nipite na vitabu.

"Chanda chema huvikwa pete," Mama alisema kwa furaha. "Basi Jumamosi wewe ndiye utakayemweleza Mwalimu Mkuu."

Nilitoka jikoni mikono ikidondosha maji. "Mama, ni mimi! Mimi ndiye niliyepanga!"

Dada alicheka. "Wewe unajua nini kuhusu mapambo? Ulinishikia vitabu tu."

"Mwongo!"

"Wewe! Humwiti dada yako mwongo," Mama alinikemea. "Acha wivu, mwanangu. Siku yako nayo itafika."

Baba angeweza kunitetea, lakini alikuwa amekwenda kununua mbao, na aliporudi sikumwambia. Sikutaka kutetewa. Nilitaka kulipiza. Usiku ule nilikula chakula bila kujua ladha yake. Nilimtazama Dada akitafuna, nikasema moyoni: wewe subiri. Jumamosi utajua hujui.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Baba alikwenda kuoga, Mama akawa anapiga pasi, na Dada yuko kwenye kioo. Sebule ikabaki yangu. Nilitoa vitabu vyote, nikainamisha kabati kidogo, nikachomoa kabari zote mbili na kuzitia mfukoni. Kisha nikapanga upya. Ensaiklopidia na kamusi zikapanda rafu ya juu, na randa ya babu ikazifuata. Vijitabu vyepesi vikashuka chini. Nilihakikisha kijani kinakaa na kijani, ili pasionekane tofauti. Nilichotaka ni kabati litikisike mbele ya mgeni, vitabu viwili vitatu vimwangukie Dada, aaibike. Basi. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Dada aliingia amejipaka manukato, akatazama kabati, akanyoosha mmea. Hakuona kitu. Mtu aliyelipanga angeona kwa jicho moja!

"Hodi," Mwalimu Mkuu aliita saa kumi kamili.

"Karibu, Mwalimu, karibu sana," Baba alimpokea. Alikuwa amevaa shati lake la sherehe. Sisi tukamwamkia, naye akaitikia na kwenda moja kwa moja kwenye kabati. Alipitisha kiganja kwenye ubao na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Msasa umepita sawasawa, fundi. Na nani kapamba?"

"Mimi, Mwalimu," Dada alisema, tena kwa sauti ya redioni. "Unaona, rangi zinaongea na mapazia. Hata vitabu vikubwa nimevichagua vya kijani. Hebu nikuonyeshe."

Alinyoosha mkono, akavuta ensaiklopidia kutoka rafu ya juu.

Kabati lilimfuata. Lilikuja lote, polepole kwanza, halafu kwa haraka. Mama alipiga ukelele. Baba aliruka, akalikinga kwa bega, na vitabu vikamporomokea kichwani. Randa ya babu ilimpiga mkono wa kulia, ikadunda, ikatua sakafuni kando ya kiatu cha Mwalimu Mkuu. Kati ya kiatu na chuma palikuwa na upana wa kidole.

Baba alisimamisha kabati kwa mkono mmoja. Kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa kinavimba huku tunakiona.

"Pole, fundi," Mwalimu Mkuu alisema. "Kabati ni zuri, lakini mimi nina watoto mia tano. Hili likimwangukia mmoja wao, nitamwambia nini mzazi wake? Nisamehe. Nitatafuta kwingine."

Akaaga, akaondoka.

Dada aliketi kwenye zulia na kulia, manukato yote yameisha kazi. Ndicho nilichokuwa nimekitaka siku mbili nzima. Nilingoja nifurahi, nikangoja tena. Furaha haikuja. Mama alikuwa amebeba bakuli la maji baridi, na Baba alikataa kukaa. Alipiga magoti mbele ya kabati, akawa anabonyeza kila kiungo kwa mkono wa kushoto.

"Viungo vimeshika," alinong'ona. "Kwa nini limeanguka? Au mikono yangu imezeeka?"

Kisha akainuka, akaenda kuchukua nyundo. "Ninalivunja. Kitu cha kuua watu hakikai nyumbani mwangu."

"Baba, usilivunje!"

Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa zile kabari mbili na kuziweka kwenye kiganja chake. Nikasema yote, bila kupunguza. Mama akajishika mdomo.

Baba alizipima kabari kiganjani. Nilitamani anichape, yaishe.

"Kwa hiyo kabati halina kosa," alisema mwishowe.

"Halina, Baba. Kosa ni langu."

"Na wewe," akamgeukia Dada, "kizito kilikuwa juu, na hukuona. Anayepanga kitu kwa mikono yake hujua kila kilipo. Nani alilipamba?"

Dada aliangalia sakafu. Mama alimtazama, halafu akanitazama mimi, akanivuta begani. "Nilikwambia ni wivu," alisema taratibu. "Nami nilikosa, mwanangu. Sikukusikiliza."

"Tumekosa wengi," Baba alisema. "Mimi nilijua limesimama kwa kabari tu. Nilipaswa kulifunga ukutani kabla ya mgeni, rangi ikauke isikauke. Lakini jina langu limetoka hapa limechafuka, na wa kulisafisha ni aliyelichafua."

Jumatatu, kabla ya kengele, mimi na Dada tulisimama ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Niliweka kabari mezani, juu ya rejesta, nikaeleza kosa langu tena, ila la nani alipamba sikuligusa. Kukiri mara ya pili si rahisi kuliko ya kwanza, msidanganywe.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Unajua ile randa ingeuvunja mguu wangu?"

"Najua, Mwalimu. Nisamehe. Nipe adhabu yoyote, ila Baba usimhukumu kwa kosa langu."

"Adhabu utapata, usijali. Muhula mzima utapanga vitabu vya shule kila Ijumaa." Akazigeuza kabari mkononi. "Mwambie baba yako alete kabati hilohilo. Alifunge ukutani mbele ya macho yangu. Likisimama mwezi mmoja, nitaagiza mengine kumi na moja." Kisha akamtazama Dada. "Nawe ndiye mpambaji, sivyo? Utamsaidia kulipanga?"

Niliuma meno. Nilijua atakachosema. Angejitwalia tena, na pale ofisini nisingeweza hata kufungua mdomo.

Dada akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Mpambaji ni mdogo wangu. Mimi nilishika vitabu tu. Hata hivyo vitabu vyenyewe sikuvishika."

Nimekiwazia kisasi mara nyingi, lakini hakuna kisasi kilichonipoza moyo kama maneno yale machache. Na sikuyapata kwa kuchomoa kabari. Ningeweza kuyapata Alhamisi, kama ningemwambia Baba badala ya kumpangia Dada aibu.

Jioni ile Baba alikuwa anapiga msasa kwa mkono wa kushoto, kidole kimefungwa kitambaa. Alitukabidhi ubao mmoja, mimi huku, Dada kule, tusugue mpaka tukutane katikati. Nilipomweleza ya ofisini, alipuliza vumbi.

"Umefanya vyema kusema kweli, Siafu. Sasa shika na hili. Kizito ukikiweka juu, hakichagui cha kuangukia. Ulimlenga dada yako, kikanipata mimi. Ukidhulumiwa, sema, ukinyamaziwa, sema tena. Lakini hasira yako iweke rafu ya chini."

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe, mpambaji wa kochi," akamwambia Dada, "sugua. Mwenzako amekupita."

Kweli, nilikuwa nimempita. Nikapunguza mwendo, nikamngoja.