Alama za Chaki kwenye Mawe Meupe

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua sare, akaosha vyombo, kisha akasimama mlangoni mwa karakana ya baba yake akiwa amenuna. Baba alikuwa fundi wa kukata mawe ya meza na ngazi. Zamani Chiriku ndiye aliyekuwa akimsaidia. Tangu shangazi aende kufanya kazi mbali na kumwacha bintiye hapo nyumbani, msaidizi alikuwa huyo binti, na baba alikwisha kumpachika jina la Profesa.

"Profesa, hili jiwe gani?" baba aliuliza.

Profesa alilikwaruza jiwe jeupe kwa msumari, likachubuka. Akalidondoshea ndimu, likatoa povu. "Marumaru, mjomba. Ni kalsiamu kaboneti. Ikikutana na asidi ya ndimu inatoa hewa ya ukaa."

Akachukua jingine, jeupe vilevile. Msumari uliteleza tu, na ndimu haikufanya kitu. "Hili la kwatsi. Silikoni na oksijeni. Linakwaruza hata kioo."

"Jamani, huyu mpwa wangu atanipokonya kazi," baba alisema huku akicheka.

Roho ilimuuma Chiriku. Baba ni wake, karakana ni ya kwao, lakini kicheko kile alikuwa akipewa mgeni.

Jumamosi moja baba alikuwa na kazi ya meza ya mkahawa, meza ambayo ndimu zingekatwa juu yake kutwa nzima. Marumaru ingeliwa na asidi, kwa hiyo lilitakiwa jiwe la kwatsi. Profesa alipima mabamba mawili, akaandika K kwa chaki kwenye la kwatsi na M kwenye la marumaru. Walipokwenda kula, Chiriku alirudi na kitambaa kibichi, akafuta herufi zote mbili na kuziandika kinyume. Alitaka Profesa aumbuke kidogo tu, basi.

Baba alirudi na haraka zake, akaona K, akawasha msumeno. Katikati ya kazi akauzima.

"Mbona linakatika laini hivi?" Akadondosha ndimu. Povu. Bamba la marumaru, ambalo mteja mwingine alikuwa akilisubiri, lilikwisha kuharibika.

"Profesa, ulipima kweli?"

"Nilipima, mjomba." Kisha sauti ikamshuka. "Labda nilichanganya."

"Basi kaa kando kwanza. Usiguse mawe. Chiriku, njoo wewe."

Chiriku alikuja mbio. Mambo yalikuwa yamemnyookea kama alivyotaka. Baba akampa ndimu na kipande cha jiwe. Akadondosha, povu likatoka.

"Kwa nini limetoa povu?"

Chiriku akaligeuza lile jiwe upande wa pili, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Profesa, aliyekuwa akifagia nyuma yake huku akifuta machozi kwa mkono, akamnong'oneza: "Kalsiamu kaboneti."

Hapo Chiriku akashindwa kuvumilia. Pamoja na kulia kote kule, Profesa bado anamsaidia?

"Baba, yeye hakukosea. Mimi ndiye niliyebadilisha alama."

Ufagio ukasimama.

"Kwa nini?" baba aliuliza polepole.

"Siku hizi unamwona yeye tu."

Baba alikaa juu ya lile bamba lililoharibika. "Ungeniambia, ningekusikia. Na mimi nina kosa, nimekata bila kupima. Lakini jiwe nitatafuta jingine. Huyu umemfanya asiamini macho yake mwenyewe. Hilo utalitengeneza wewe."

"Uliandika sawa," Chiriku alimwambia Profesa. "Nisamehe, dada."

"Nimejiona mjinga kabisa," Profesa alijibu, na hakutabasamu.

Baba akamwita apime tena lile bamba jingine. Profesa alilikwaruza mara moja, akalikwaruza tena, akadondosha ndimu, akainua chaki, kisha akaishusha bila kuandika. Chiriku aliona hivyo, akajua amefanya nini. Akachukua msumari, akakwaruza mwenyewe. Uliteleza.

"Ni la kwatsi," alisema. "Andika. Ulikuwa sawa tangu mwanzo."

Profesa akaandika K, ndogo na iliyopinda.

"Sikieni, wanangu," baba alisema. "Kumpenda huyu hakujanipunguzia mapenzi kwa yule. Anayeona wivu aje aseme, au aje ajifunze. Akimwangusha mwenzake, bado hatakuwa amejua hata jiwe moja."