Zebaki Kwenye Kikombe cha Mfalme

Kila jioni, akishavua sare za shule na kula, Kipini alikwenda kufagia karakana ya baba yake mdogo. Baba mdogo alikuwa sonara. Kufagia kwa sonara si kama kufagia uani. Vumbi la pale halitupwi. Hukusanywa kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu kila pete inapokatwa na kupigwa tupa, chembe ndogo za dhahabu hudondoka zikachanganyika na uchafu wa sakafuni. Hata viatu hukung'utwa mlangoni kabla mtu hajatoka.

"Umefagia chini ya kiti changu?" baba mdogo aliuliza.

"Nimefagia, baba."

"Na masikio yako umeyakung'uta? Mtoto wewe unaweza kuniibia dhahabu kwa masikio."

Kipini alicheka. Jina hilo alipewa na bibi yake siku aliyozaliwa, maana alikuwa mdogo kama kipini cha pua. Siku hizi alikuwa msichana wa darasa la sita, mrefu kuliko wenzake, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Baba mdogo alishika kibano ili aweke jiwe jekundu kwenye pete. Kibano kilitetemeka. Akakiegemeza kiwiko mezani, akabana pumzi, akajaribu tena. Jiwe likaruka, likagonga ukuta.

"Macho yangu yamechoka," alisema, ingawa kilichotetemeka hakikuwa macho. Mtu mwenyewe hakuwa mzee. Kisha akabadilisha mazungumzo. "Likizo hii nitakufundisha kutengeneza pete. Pete yako mwenyewe, uanze na fedha. Ila ujue karakana ina adabu zake. Anayechukua kitu humu bila kuomba ruhusa, harudi."

Kipini akaitikia kwa moyo wote. Pete ile alikuwa ameshaichora mara nyingi kichwani.

Juu ya rafu ya mwisho, ikiwa imefungwa kitambaa kikuukuu, palikaa chupa ndogo. Hiyo Kipini alikatazwa kuigusa tangu siku ya kwanza, bila kuelezwa kwa nini. Mara moja moja baba mdogo aliishusha, akamimina tone kwenye lile vumbi la kopo, na tone hilo likanyonya dhahabu yote. Halafu alimtoa Kipini nje, akafunga mlango, akalichoma lile donge ili dhahabu ibaki peke yake. Bibi alikuwa ametunga kitendawili juu ya chupa hiyo: maji yangu yananimwagikia, lakini silowi. Jibu lilikuwa zebaki. Ni nzito, inang'aa kama kioo kilichoyeyuka, na ukiimwaga inakatika vipande vya mviringo vinavyokimbizana.

* * *

Shuleni, mwalimu wa Historia alikuwa amewasimulia habari za kutisha za wafalme na mabwana wakubwa wa zamani. Habari zenyewe zilikuwa za kweli, ndiyo maana darasa zima lilitulia. Palikuwa na mfalme aliyeamini mwili wake ni wa kioo, hakutaka mtu amguse asije akavunjika. Palikuwa na wake wa mabwana waliojipaka usoni unga mweupe wa madini ya risasi ili wapendeze, na kadiri ngozi ilivyoharibika ndivyo walivyozidi kujipaka ili kuficha. Na palikuwa na wafalme wa Uchina ya kale waliopewa dawa zenye zebaki ili waishi milele. Waliotaka kuishi milele wakafa kabla ya wakati wao.

Darasa liliamua kuigiza habari ya mfalme wa zebaki siku ya wazazi. Mfalme angekuwa mvulana waliyemwita Spika, kwa sababu hakuwa na sauti ya chini. Kipini alipewa kazi ya kutafuta vifaa: taji, joho, kiti cha enzi na kikombe.

Taji lilipendeza. Joho, ambalo lilikuwa pazia la nyumbani kwa mwalimu, lilipendeza zaidi. Shida ikawa kikombe. Katika mazoezi Kipini alitia maji, na Spika akayanywa yote mpaka tone la mwisho, akacheua, kisha akaanguka. Watu walicheka kucheua, lakini kifo hawakukiamini.

"Mfalme gani anakufa kwa maji ya bomba?" Spika alisema mbele ya wote. "Kipini, wewe vifaa vyako ni vya chekechea. Kesho utaniletea uji."

Wenzake wakaangua kicheko. Siku iliyofuata akatia maziwa.

"Sasa mfalme ananyonya," alisema Spika, na safari hii hata mwalimu alitabasamu.

Kicheko kile kilimfuata Kipini mpaka karakana. Baba mdogo alipotoka kwenda kuzungumza na mteja barabarani, Kipini alipanda juu ya kigoda, akaishusha ile chupa. Alijua kabisa kwamba zebaki ndiyo iliyowaua wale wafalme. Lakini kwake hayo yalikuwa mambo ya kwenye vitabu, ya watu waliovaa hariri. Isitoshe, hakuna atakayeinywa. Spika atakiinua kikombe tu, kitang'aa, wazazi watashangaa, basi. Akaitia chupa kwenye mkoba na kukirudisha kile kitambaa kwenye rafu, kimevimbishwa kwa karatasi ili kionekane kama zamani.

* * *

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Bibi na baba mdogo walikaa safu ya tatu. Mbele kabisa, sakafuni, walikaa watoto wa darasa la kwanza.

Nyuma ya jukwaa, Kipini alimimina zebaki kwenye kikombe cha kioo na kukifunika kwa sahani. Alipaswa kumwambia Spika palepale. Lakini alifikiri: nikimwambia sasa, atatangaza, na mwalimu atasikia. Ngoja zamu yetu ikaribie. Nitamnong'oneza.

"Umeniwekea nini leo?" Spika aliuliza huku akijifunga joho. "Uji?"

"Rangi ya fedha. Usinywe, igiza tu."

"Rangi ya chakula?"

Kipini akaisogeza vizuri ile sahani juu ya kikombe. "Rangi tu."

Kwaya ilikuwa itangulie. Kipini akaenda upande wa pili kuchukua mishumaa ya mfalme. Alipokuwa huko akasikia sauti ya mwalimu jukwaani: mgeni rasmi ana safari, kwa hiyo mchezo wa kuigiza utaanza kabla ya kwaya. Pazia likafunguliwa. Kipini akageuka na mishumaa mkononi. Spika alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha enzi, na kikombe kilikuwa juu ya meza yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Mfalme anaota ameingia kaburini. Mfalme anamwita mganga. Mganga analeta dawa. Kipini alisimama ubavuni mwa pazia. Mvulana aliyeigiza mganga aliposogea karibu, Kipini akamvuta shati.

"Mwambie Spika asinywe."

"Ameshasema leo anakunywa yote," mganga alinong'ona. "Anasema maji yako ameyanywa, maziwa ameyanywa, rangi itamshinda? Niachie shati, zamu yangu."

Mganga akaenda zake, akafunua sahani. Kikombe kikawaka kwa mwanga wa taa. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Hicho ndicho Kipini alichokitamani siku zote, na sasa alitamani kingezimika.

"Kunywa, Mtukufu," alisema mganga. "Kunywa uishi milele."

Spika alikiinua kikombe. Uzito wake ukamshangaza, mkono ukashuka kidogo. Kisha akatabasamu, kama mtu aliyeona kwamba leo amepewa kitu cha maana.

Kipini akamtazama baba mdogo safu ya tatu. Baba mdogo alikuwa ameinama mbele, macho yamemtoka kwa kile kikombe. Kipini aliona pete yake ya likizo, jinsi alivyoichora, ua dogo katikati. Akitoka sasa, pete imekwenda. Asipotoka, Spika.

Kikombe kilikuwa kimefika kidevuni.

Kipini alitupa mishumaa, akakimbia katikati ya jukwaa, akamshika Spika mkono kwa nguvu zote.

"Toka, unaniharibia," Spika alisema akiwa amebana meno, akidhani ni wivu. Wakavutana. Kikombe kikapinduka. Zebaki ikamwagika mezani, ikateleza, ikaanguka sakafuni mbele ya jukwaa na kutawanyika vipande vipande vinavyometa.

"Shanga," mtoto mmoja wa darasa la kwanza alisema, akanyoosha mkono. Wenzake wakamwinamia.

Watu wengine walikuwa wanacheka, wakifikiri ni sehemu ya mchezo. Kipini alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, kubwa kuliko ya Spika.

"Msiguse. Ni zebaki ya kweli. Ni sumu. Nimeileta mimi, nimeichukua kwa baba mdogo bila kumwambia."

Kicheko kikakatika kama maji bomba linapofungwa.

* * *

Mwalimu hakuuliza swali hata moja wakati ule. Aliwaagiza wazazi wawabebe watoto wa mbele watoke kwa mlango wa nyuma, na wakubwa wafungue madirisha yote. Kipini alikuwa ameshakimbilia ufagio, mazoea yake ya kila jioni, akaanza kuinama.

"Weka chini," mwalimu alisema. "Ukiifagia unaikata vipande vidogo zaidi na kuieneza. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na huo ndio mbaya. Toka nje."

Ukumbi ukafungwa. Mwalimu mkuu akampigia simu bwana afya. Watoto waliogusa zile shanga walinawa mikono kwa sabuni, wakavuliwa viatu, wakatazamwa mmoja mmoja. Spika alisukutua mdomo mara nyingi, ingawa zebaki haikuwa imemgusa midomo. Bwana afya alipofika, alivaa glavu na barakoa, akaikusanya ile zebaki polepole kwa vipande vya kadi ngumu na kuifungia kwenye mtungi. Ilikuwa kazi ya muda mrefu. Sherehe ikaishia hapo.

Kipini aliketi kwenye ngazi za darasa lake. Spika akaja kukaa kando yake, bado na taji kichwani, peku.

"Kwa hiyo ulitaka kuniua kwa sababu nilisema maji ya bomba."

"Sikutaka."

"Ungesema tu ni zebaki."

"Ungetangaza."

Spika akafikiri. "Ni kweli ningetangaza," alisema. "Lakini ningekuwa hai nikitangaza." Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo.

Baba mdogo akaja na bibi, mwalimu na bwana afya. Kipini alisimama. Alingoja kuambiwa kuhusu karakana. Lakini bwana afya alikuwa anamtazama baba mdogo mikononi.

"Hiyo mikono inatetemeka tangu lini?"

"Ni uchovu wa macho," alisema baba mdogo.

"Unachoma zebaki ndani ya chumba?"

"Huwa nafunga mlango. Mtoto namtoa nje."

"Unamtoa mtoto, unabaki wewe," bwana afya alisema. "Kesho asubuhi nenda hospitali ukapimwe. Na mtoto naye apimwe, maana anafagia humo humo. Karakana isifunguliwe mpaka nije niikague. Zipo njia nyingine za kuitoa dhahabu kwenye vumbi, nitakuonyesha."

Baba mdogo akaificha mikono yake mifukoni, kisha akaitoa tena. "Nilikukataza chupa bila kukwambia kwa nini," alimwambia Kipini. "Hilo ni kosa langu. Kuichukua ni kosa lako. Likizo hii hakuna pete."

"Sawa, baba." Machozi yalimtoka, lakini hakubisha.

Mwalimu akakaa kwenye ngazi, akamgeukia Kipini. "Umewahi kujiuliza kwa nini wafalme wale walikunywa sumu miaka na miaka? Walizungukwa na watu siku zote. Wapishi, waganga, wake, walinzi. Unadhani wote hawakuona mfalme anavyoharibika?"

"Labda walimwogopa, mwalimu."

"Labda. Kila mmoja alikuwa na kitu asichotaka kukipoteza. Wewe leo ulikuwa unaogopa kupoteza nini?"

"Pete."

"Na ukatoka hata hivyo. Ndiyo maana huyu bado anapiga kelele hapa." Akamvua Spika taji. "Lakini usijisifu. Ulikuwa na asubuhi nzima ya kusema, ukasubiri hadi dakika ya mwisho. Sumu ya kwanza leo haikuwa kwenye kikombe. Ilikuwa ile ya kuficha. Keshokutwa utakuja na mimi, tutawaeleza wazazi wa wale wadogo, nyumba kwa nyumba. Utasema mwenyewe."

"Nitasema, mwalimu."

Bibi alimfuta Kipini uso kwa ncha ya khanga yake.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," Kipini alijibu kwa kwikwi.

"Kilikuwa ndani yangu nikiwa mzito. Nimekitoa mbele za watu, sasa nimekuwa mwepesi."

"Kucheua," Spika alisema.

Bibi akamtazama tu, na baba mdogo akacheka bila kutaka. Kipini hakuhitaji kumpa bibi mji. Jibu alikuwa nalo.

"Ukweli," alisema.

"Umepata, mjukuu wangu," bibi alisema, akamshika mkono kumwelekeza nyumbani. "Ila siku nyingine useme kabla kikombe hakijafika kidevuni."