Vishikio Vilivyopoa Njiani

Asubuhi za baridi mjini Obihiro, kazi ya Kozue ilikuwa kukwangua barafu kwenye kiti cha pikipiki huku mama yake akifunga nyuma boksi kubwa la kubebea vyakula. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu ya malipo yake. Akimaliza tu, mama alipiga stata, Kozue akabonyeza swichi ndogo kwenye usukani, taa ya kijani ikawaka, na vishikio vikaanza kupata joto. Hapo alivikumbatia kwa viganja mpaka afukuzwe.

"Toka hapo wewe! Hilo joto ni la kazini."

"Kwani mama, mle ndani mna nini? Moto unatoka wapi?"

"Mna waya mwembamba unaokula umeme wa betri. Haya nipishe, wazee wana njaa."

Mama yake aliitwa Sayoko. Kila siku aliwapelekea chakula cha mchana wazee wanaoishi peke yao: wali, samaki wa kuchoma na figili za kuchachusha. Waliompokea mlangoni walimwita binti yao, ingawa hakuna aliyemzaa.

Siku moja, likizo ya majira ya baridi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mama alirudi uso umesawijika. Alivua glavu kwa meno. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe pee.

"Jamani, mama! Vidole vimekuwaje?"

"Vishikio vimezima tena njiani. Sikuihisi breki hata kidogo. Nimeteleza mpaka kwenye uzio wa watu."

Kozue alitaka kumvuta kwenye jiko la mafuta, lakini mama akakataa. Vidole vilivyokufa ganzi havihisi moto, alisema, vinaweza kuungua navyo havina habari. Akavitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akauma midomo vilipoanza kuuma.

Kisha akasema lililokuwa likimsumbua zaidi. Mkuu wa jiko lililopika vyakula hivyo, ndiye bosi wake, alikuwa amesikia habari ya uzio. Kama pikipiki haitatengemaa kabla ya wiki kwisha, wazee wale atapewa mwenye gari, na mama atakaa nyumbani mpaka barafu iyeyuke. Aliyasema hayo akiwa amempa Kozue mgongo, na Kozue akajua kwamba analia.

Vishikio vyenyewe vilikuwa vipya. Vilifungwa msimu wa majani kupukutika na Fundi Kurimoto, ambaye karakana yake iko kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji. Basi mama akampelekea. Fundi aliwasha, akasubiri, akashika, akatikisa kichwa.

"Vinachoma kama viazi vya kuoka! Mimi ugonjwa siuoni, Bi Sayoko."

Kesho yake vikazima tena, palepale katikati ya kazi.

Kozue hakungoja kuambiwa. Alikwenda mbio karakanani. Nje alimkuta Genta, mjukuu wa fundi, ambaye walisoma darasa moja, akizoa theluji kwa koleo.

"Babu yako ametuuzia vitu vibovu!" Kozue alifoka. "Akiviona mbele yake vinawaka, tukiondoka vinakufa. Huo si ufundi, ni utapeli!"

Genta alisimamisha koleo. "Rudia hilo neno."

"Utapeli!"

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Fundi Kurimoto alikuwa amesimama pale na kitambaa cha mafuta mkononi. Aliangalia chini, akarudi ndani. Kozue alihisi masikio yakiwaka moto, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Genta aliingia ndani akatoka na kipima umeme, kile chenye nyaya mbili na kioo cha tarakimu. "Umesema babu yangu tapeli. Haya, kesho tunakwenda wote tukamwangalie mama yako akifanya kazi. Lete ushahidi, maana mdomo hata kunguru anao."

Asubuhi iliyofuata walimfuata mama kwa miguu. Haikuwa shida, kwa kuwa mwaka huu alipewa mtaa wenye vichochoro, nyumba zimebanana mpaka paa zinakaribia kugusana. Mwanzoni taa ya kijani iliwaka vizuri. Genta akagusisha nyaya kwenye betri, akasoma: volti kumi na mbili na nusu.

"Betri imeshiba," alisema.

"Basi ni waya umekatika," alisema Kozue. Akageuza usukani kulia, akageuza kushoto. Taa haikupepesa.

"Fyuzi?"

"Wewe nawe! Fyuzi ikiungua imeungua, haiwezi kufa na kufufuka kila siku."

Wakasahau kwamba wamegombana. Kozue alitaka kujua, na hamu hiyo ilimsukuma kuliko hasira. Alianza kumwangalia mama badala ya pikipiki. Mama alifika mdomoni mwa kichochoro, akazima injini, akaisukuma pikipiki kimyakimya mpaka mlangoni, akainama, akatoa chakula, akaisukuma tena hadi barabarani. Halafu akapiga stata, akaenda hatua chache tu mpaka kichochoro kingine, akazima.

"Mama, mbona unazima kila mara?"

"Si adabu kuwapigia watu kelele milangoni mwao. Nyumba zenyewe hizi unazionaje?"

"Genta, pima tena!"

Volti kumi na mbili kamili. Kichochoro kilichofuata, pungufu kidogo. Kingine tena, pungufu zaidi. Kila mama alipopiga stata, tarakimu ziliporomoka, na kabla hazijapanda injini ilizimwa tena. Mwishowe stata ilikoroma kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu, injini ikashika kwa taabu, na taa ya kijani ikazima yenyewe. Kozue alishika vishikio. Joto lilikuwa linaondoka mikononi mwake.

"Tumeipata sababu!" alipiga kelele, na hapohapo akaviachia vishikio. Kama kosa halikuwa la vishikio, basi halikuwa la fundi.

Walipofika karakanani, Kozue aliinama sana mbele ya Fundi Kurimoto, kiuno kimekunjika. "Babu, nilikuita tapeli bila kujua lolote. Nimekosa. Nisamehe."

"Inua kichwa," alisema mzee. "Kwanza nieleze mlichokiona."

Alipomaliza kusikiliza, alijipiga paji la uso. "Lo! Vishikio hivi vina mlinzi ndani yake. Betri ikichoka, vinajizima ili umeme uliobaki uwashe injini. Mwaka jana mama yako alihudumia wakulima huko mashambani. Injini ilikwenda safari ndefu, betri ikijaa. Na alipokuja kwangu alipitia barabara kuu, betri ikashiba kabla hajafika. Mgonjwa alipona njiani kuja hospitali! Nami nikampima humu ndani kwenye joto, nisimuulize mama yako anafanyaje kazi. Na mimi nimekosa."

Alishauri mambo mepesi. Mama aache stata, awashe kwa mguu, kwa kupiga kiki. Akiwa vichochoroni apunguze joto la vishikio. Jioni betri ichajiwe. Na zaidi ya yote, aache kuzima injini kila baada ya hatua tatu.

Mengine mama aliyakubali, hilo la mwisho akaligomea. "Nitawasumbua watu!" Ilibidi Kozue ambembeleze usiku kucha, na kesho yake mama akaingia kichochoroni injini ikinguruma, shingo ameikunja kwa aibu, Kozue akimfuata nyuma.

Mlango wa Bibi Hatsue, mmoja wa wale wazee, ulifunguka kabla hawajagonga. Bibi alikuwa ameshavaa viatu.

"Leo nimekusikia ukija!" alisema akicheka. "Kila siku nakaa dirishani sijui kama unakuja au umenisahau. Ukigonga ghafla, moyo unaniruka. Humu ndani sisikii kitu chochote, mwanangu, ila saa ya ukutani."

Mama alishika chakula, mikono ikasimama hewani. "Bibi, mimi nilidhani nakupigia kelele."

"Ulimuuliza nani?"

Machozi yalimlengalenga mama, akainama kumpa bibi chakula chake.

Siku ile vishikio havikuzima, na mkuu wa jiko aliviona vidole vya mama vikiwa vyekundu na salama, akamwachia wazee wake. Jioni, walipokuwa wakichaji betri, mama alimwambia Kozue:

"Mimi nilidhani nawasumbua watu. Fundi alidhani vishikio ni vizima. Wewe ulidhani fundi ni mwizi. Tulikuwa watatu wenye midomo, na hakuna aliyeuliza. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Bibi wa watu amekaa dirishani majira mazima akidhani nimemsahau, na mimi ndiye niliyejiona nina adabu."