Zamu Aliyoigawa Oiva

"Toka jukwaani, Valto! Leo zamu ni yetu!"

Taimi alikuwa juu ya jukwaa la magogo lililojengwa kuingia kwenye maporomoko ya mto Tornio, wavu wa mpini mrefu begani. Jirani yake Valto hata hakugeuka. Alizamisha wavu wake, akaufuata mkondo, akaunyanyua. Samaki wawili wa siika wakarukaruka ndani, weupe kama sahani.

"Valto, huna masikio?"

"Ninayo. Muulize mumeo. Kanipigia asubuhi, kasema zamu ya nyumba yenu niichukue mimi. Kiangazi chote."

"Oiva? Mwongo wewe!"

"Kwa sauti ile ya kunong'ona, mpaka nikazima redio ndiyo nikamsikia. Usinikasirikie mimi, Taimi. Ungekubali kusaidiwa tangu zamani, tusingefika huku."

"Nani kakuuliza?"

Jamani, kwa watu wa mto ule zamu ya jukwaa ni ya nyumba, si ya mtu. Nyumba ikiitoa, ni kama imetangaza kwamba hapa hatupo tena. Na Taimi alikuwa ameipigania. Ugonjwa wa Parkinson ulianza na mkono wa Oiva, ukahamia miguuni, sasa ulikuwa unamla sauti. Taimi akauchukua wavu mwenyewe, mama wa miaka sitini na kitu, wanaume wakacheka. Wakaja wakanyamaza. Anavua, anarudi, anamnyoa mume, anamkatia nyama, anamfunga vifungo. Mimi namvulia kofia mwanamke yule, potelea mbali anayenuna.

Akiwa anapanda ukingo, simu ikatetema. Ni ujumbe wa binti yao Riikka, aliyekuwa anaishi mji wa Oulu:

"Mama, baba kaniambia mmekubaliana ahamie nyumba ya wagonjwa mjini. Jumatatu nakuja na gari kumchukua. Pole mama yangu, umepambana vya kutosha."

"Tumekubaliana?" Taimi aliuliza hewani. "Mimi na nani?"

Ilikuwa Jumamosi, siku ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Oiva alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa sauna, moshi unatoka, shati limefunguliwa nusu. Alijitahidi mwenyewe, vifungo vikamshinda. Na kwao hakuna anayeingia sauna na ugomvi.

"Hatuingii," Taimi akasema. "Tugombane kwanza."

"Mawe yameshapata moto, mke wangu."

"Yapoe! Nani kakwambia mimi nataka uende mjini?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wiki iliyopita, jikoni. Ulimwambia Riikka kwenye simu, 'Nimechoka, mwanangu, nimechoka kabisa.' Halafu ukalia. Miguu yangu ndiyo mibovu, Taimi. Masikio bado mazima."

Taimi akaketi pembeni yake kwa kishindo.

"Nilichoka, ndiyo! Nilichoka siku ile! Kwani mtu akichoka anagawa mume? Nikichoka kupika, jiko nalitupa mtoni?"

"Juzi uliteleza jukwaani."

"Sikuteleza."

"Nilikuona kutoka dirishani. Ulidaka kamba, ukainuka, ukaangalia nyuma kama kuna aliyekuona. Nikataka nikimbie nije. Mguu ukagoma, umenata sakafuni. Nikabaki nimesimama pale mpaka uliporudi." Midomo yake ikatetemeka, na safari hii haukuwa ugonjwa. "Ufe maji kwa ajili ya supu yangu? Bora niende."

Taimi alidhani siri ile anaijua yeye na maji tu.

"Haya," akasema taratibu. "Acha ninachotaka mimi. Wewe unataka nini, Oiva?"

"Nataka kufia hapa, nikiusikia mto. Nataka wewe ndiye unifunge vifungo. Ila si peke yako. Yule mhudumu wa manispaa uliyemfukuza..."

"Alikuwa anakupa kahawa ya baridi!"

"Arudi. Aje kila asubuhi. Na Valto avue siku yake, wewe siku yako. Ukikataa, Jumatatu napanda gari la Riikka. Sitanii, Taimi."

Weee! Hapo ndipo alipombana. Mwanamke yule angeweza kubeba jabali, lakini kuomba msaada kwake ilikuwa aibu kuliko kutembea uchi. Alimtazama mumewe. Akatoa simu.

"Valto? Ni Taimi. Nilikuwa naomba... unisaidie."

"Nini? Maji yananguruma huku, sikusikii!"

"NISAIDIE, wewe mpumbavu!"

Upande wa pili kikalipuka kicheko kikubwa.

"Sasa nimesikia. Na ng'ambo ya pili ya mto, Sweden, wamesikia."

Oiva alicheka mpaka akakohoa. Taimi akampigia na Riikka: "Njoo Jumatatu, lakini uje na nguo za kazi. Baba yako haendi popote." Ndipo wakaingia sauna.

Walipotoka, samaki wa siku nzima walikuwa wamemwagwa kwenye nyasi, wamegawanywa mafungu, fungu moja kwa kila nyumba. Kuzuia upendeleo, mtu mmoja huyapa mafungu mgongo. Mwingine huonyesha fungu kwa fimbo, huuliza la nani, na aliyegeuka hutaja nyumba. Nyumba huitwa kwa jina la baba.

"Oiva!" Valto akaita. "Njoo ututajie leo. Kazi hii haitaki mikono."

Mguu ukanata tena. Taimi akapiga makofi ya kumhesabia hatua, kushoto, kulia, kushoto, maana mguu ule ulisikia makofi kuliko amri. Wakafika. Oiva akayapa mafungu mgongo, na watu wote wakanyamaza ili sauti yake ndogo isikike.

"Hili la nani?" mwenye fimbo akauliza.

"La Valto."

Akaendelea kutaja, mpaka likabaki fungu la mwisho. Kila mtu alijua ni la nyumba gani, wengine wameshaanza kuondoka.

"Na hili la nani?"

"La Taimi."

Fimbo ikasimama hewani.

"La nani, Oiva?"

Oiva akavuta pumzi, akakusanya sauti yote iliyobaki kifuani mwake.

"Nimesema la Taimi! Ile ni nyumba ya Taimi. Mimi ni mume wa pale."