Fremu ya Kilio

Jumanne, tarehe kumi na nne Julai, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, nilikwenda kwa Omer, mchapaji wa pale Kapata, kuchukua bango langu.

Nieleze bango lenyewe. Wiki iliyotangulia shimo moja karibu na mgodi wa Mashamba liliporomoka, wachimbaji wakabaki chini. Kisimba, rais wa kooperative yao, yaani ushirika wa wachimbaji, akasema redioni: hakuna mutu alikufa. Ni Kisimba huyuhuyu aliyejaza mji mabango ya sura yake: herufi za njano zenye kivuli, miale ya jua nyuma ya kichwa, mashavu yaliyong'arishwa hadi akafanana na kipande cha sabuni. Mtu asiyeweza kupanga maneno matatu katikati ya karatasi. Mimi nimesomea kazi hii Lubumbashi. Nikachukua picha yake, nikaitia katika fremu nyeusi ya kilio, yenye msalaba na matawi ya mitende, kama zile tunazotundika mlangoni mwa wafiwa. Chini yake, maneno yake mwenyewe: HAKUNA MUTU ALIKUFA.

"Yaya Blandine, mutu muzima, hajakufa, mu kadre ya kilio?" Omer alinong'ona, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. "Bakubwa banakatazaka."

"Bakubwa banakatazaka hata batoto kula mayai."

Hakucheka. Akatoka kwenda kununua gundi, nikabaki peke yangu na bango mezani.

Kisha harufu ikaja. Udongo mbichi, wa chini kabisa... ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili.

Kisimba alikuwa amesimama ndani.

Sikusikia gari. Sikusikia mlango. Viatu vyake havikuwa na chembe ya vumbi, na kwetu mwezi wa Julai hata maziwa yana vumbi.

"Kazi muzuri, mama," alisema polepole. "Ulisoma kweli."

"Sikutengeneza juu ya kukufurahisha, tata."

"Najua. Lakini kadre ya kilio haibakiake bule, bila mutu. Mi nikitoka, mwingine anaingia. Mudogo yako Gael, hivi leo si iko anachimba mu shimo?"

Nilitaka kumcheka. Badala yake nikashika pembe ya bango.

"Kila muchimbaji aliachaka picha yake kwangu," akasema. "Ulizani ni ya nini?"

Akaweka kidole gumba juu ya bango, akapangusa. Sura yake ikatoka kama masizi.

"Tia sura ingine mbele ya jua kutoka. Ukikataa, kadre itajichagulia."

Omer aliporudi, Kisimba hakuwapo tena, na njiani hakuwa amepishana na mtu yeyote. Nilifungua faili kwenye kompyuta. Humo pia fremu ilikuwa tupu. Nikampigia Gael.

Simu haikupatikana.

Tukaketi tukiitazama ile karatasi nyeupe. Baadaye kitu kikaanza kujichora.

Sikio.

La kushoto, ncha yake imekatwa. Gael alikatwa hapo na waya akiwa mtoto, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Omer alisali kwa sauti ya mbu. Jogoo walipowika, kidevu kilikuwa kimeshatokea...

Kisimba alitaka nimtafutie jirani, mgonjwa, adui. Watu wa aina yake huwahesabu wengine tu, hawajihesabu wenyewe kamwe.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, nilisimama mbele ya ukuta, Omer akanipiga picha. Nikaikata, nikayaweka macho kwenye theluthi ya juu, nikaitia ndani ya fremu, nikachapa juu ya karatasi ileile. Maneno sikuyagusa.

Simu ikalia.

"Yaya, nimetoka mu shimo," Gael alisema. "Njaa iko naniua."

Nikamwambia aende nyumbani. Sikumwambia zaidi.

Nilitembea hadi geti la Kisimba na kujibandika hapo, ili huyu mmoja asiweze kumkana redioni. Karatasi ilikuwa na joto, kama paji la mgonjwa. Mlinzi alisoma bango, akanitazama, akalitazama tena, akaanza kurudi nyuma.

Nikalainisha pembe ya mwisho kwa kiganja.